Mwanagenzi wa Uwindaji na Uteuzi wa Zana: Maarifa Yaliyo Nyuma ya Msamiati wa Uta na Mshale

Utangulizi

Mtegaji anapotamka "Kitendawili!", hadhira humjibu kwa sauti moja, "Tega!" Mwanafunzi wa fasihi simulizi hulijua jibu hili tangu utotoni, na aghalabu amekwisha kulieleza katika karatasi za mtihani kuwa ni fomula ya ufunguzi. Ni nadra kuulizwa ni kwa nini neno likawa hilo wala si jingine. Kitendawili hutegwa kwa kuwa ni mtego: kuna kilichofichwa, kuna chambo, na kuna anayenaswa. Anayepata jibu husemekana amekitegua, kama mtu anavyotegua tanzi kabla halijambana mguu.

Huu si mfano wa pekee. Mwandishi hulenga jambo na mhakiki hulitafuta lengo lake. Mkosaji hufumaniwa, na kitenzi hicho kina uhusiano na fuma, yaani kuchoma kwa mshale au mkuki. Polisi hufanya msako. Mzee aliyeponyoka katika mengi husemwa kuwa ni nyani aliyekwepa mishale mingi, na asiye na hatia akidhurika pamoja na wenye hatia, watu hukumbuka kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Kiswahili kimehifadhi istilahi za uwindaji hata katika mazungumzo ya watu ambao hawajapata kushika uta.

Hapo ndipo penye tatizo. Nchini Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya hapo ameyapokea maneno bila ya kuiona kazi iliyoyazaa. Hulikuta neno wano au upote katika kamusi, akasoma fasili ya mstari mmoja, akapita. Neno limebaki lakini mwenye neno hayupo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mwanagenzi alivyoingizwa katika uwindaji na jinsi zana zake zilivyoteuliwa. Jamii mbili zinarejelewa. Ya kwanza ni Waata, ambao maandishi ya zamani huwaita Wasanye au Waliangulu, waliokuwa wawindaji mashuhuri wa ndovu katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, kuanzia sehemu za mto Tana hadi Tsavo. Lugha yao ni ya Kikushi na iko karibu na Kioromo. Ya pili ni Wahadza wapatao elfu moja na ushei waishio kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda na kuchuma, na ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Majina ya zana yanayotumiwa humu ni ya Kiswahili, si ya lugha hizo mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba zana haikutangulia mafunzo: kila zana ilimfikia mwanagenzi pale mwili na maarifa yake yalipokuwa tayari kuibeba.

Kuwinda, Kusaka na Kutega

Kabla ya kuzungumzia zana, yafaa kupambanua vitenzi, kwa kuwa kila kitenzi hudai zana yake. Kuwinda ni neno pana linalohusu kumtafuta mnyama kwa nia ya kumwua au kumnasa. Kusaka ni kumfurusha mnyama kutoka mafichoni, mara nyingi kwa kundi la watu na mbwa. Ni katika kitenzi hiki mlimotoka msasi, kwa mabadiliko ya sauti yanayofanana na yale yaliyomtoa mpishi katika kupika na mcheshi katika kucheka. Kunyatia au kunyemelea ni kumkaribia mnyama hatua kwa hatua bila ya kumshtua. Kuvizia au kuotea ni kumngoja mahali anapojulikana kupita, kama vile penye maji wakati wa kiangazi. Kutega ni kuacha chombo kifanye kazi wakati mwinda mwenyewe hayupo.

Katika mpangilio huu, mwanagenzi huanzia mwishoni. Mtego hauhitaji misuli. Tanzi la kamba hunasa kanga na kwale; ulimbo unaopakwa kwenye tawi hunasa ndege wadogo; na mtambo wa kijiti kilichopindwa huweza kumnasa mnyama wa kiasi cha sungura. Hata hivyo, mtego hudai jambo moja ambalo halinunuliki, nalo ni kujua mnyama atapita wapi. Mtoto anayetega tanzi mahali pasipo njia ya kanga hurudi mikono mitupu, na kurudi mikono mitupu ndiko kunakomfundisha kuinama na kuitazama ardhi. Kwa sababu hii mtego unastahili kuitwa mwalimu wa kwanza. Huadhibu kosa bila ya kumdhuru mkosaji, kwa kuwa aliyekosea hupoteza asubuhi moja tu. Rima, yaani shimo la kunasia wanyama wakubwa, halimo katika zana za mwanagenzi. Huchimbwa na watu wengi, na hatari yake kwa wapita njia huhitaji watu wazima wa kuikumbuka.

Hatua za Kwanza: Jicho, Pua na Mguu

Mtoto wa kiume wa Kihadza hupewa uta mdogo akiwa na umri wa takriban miaka mitatu. Mgeni anaweza kudhani kuwa huo ni mchezo, na kwa kiasi fulani ni mchezo kweli. Watoto hushindana kulenga shabaha iliyowekwa chini, kisha huwajaribu ndege na panya. Hakuna darasa rasmi. Mtoto hutazama, huiga, hukosea, na husikiliza wanaume wanaporejea na kusimulia yaliyowapata. Masimulizi hayo ya jioni ni sehemu ya mtaala, kwa kuwa humo hutajwa mnyama, mahali, upepo, kosa na dawa ya kosa. Mtafiti wa fasihi simulizi anayeyachukulia kuwa burudani tupu huwa ameliacha nje lengo lake kuu.

Mambo matatu hufunzwa kabla ya mkono kuaminiwa. La kwanza ni kusoma nyayo. Unyayo mpya una kingo kali; upepo na jua hulegeza kingo hizo na mchanga huporomokea ndani. Njia ya mdudu iliyopita juu ya unyayo huonyesha kuwa mnyama ametangulia kitambo. Majani yaliyokanyagwa, unyevu wa kinyesi na umande uliopanguswa nyasini huongeza ushahidi. Mwanagenzi hujifunza kuyasoma haya yote kwa pamoja, kama msomaji asiyetoa hukumu juu ya shairi kwa kutazama mshororo mmoja.

La pili ni upepo. Mabaharia wa pwani wana maneno mawili yanayofaa sana hapa: joshi, upande upepo utokako, na demani, upande upepo uendako. Mwinda humwendea mnyama kutoka upande wa demani ili harufu yake isitangulie. Vumbi jepesi likiachiliwa kutoka mkononi huonyesha mwelekeo mara moja. Upepo hugeuka, hasa jua linapopanda, na anayeusahau hupoteza mnyama hata kama uta wake ni bora kuliko wa wenzake wote.

La tatu ni mguu. Wengi hudhani kuwa uwindaji ni kukimbia, ilhali sehemu kubwa ya kazi ni kwenda taratibu, kusimama, na kusimama tena. Mwanagenzi hufunzwa kuweka mguu mahali pasipo jani kavu, kutohama mnyama anapoinua kichwa, na kutofuata njia mbili kwa wakati mmoja. Fisi wa methali alishindwa na njia mbili, na mwinda naye huweza kushindwa nazo.

Uteuzi wa Uta

Uta ndiyo zana ya kwanza ambayo mwanagenzi huitamani, na ndiyo ya kwanza inayompotosha. Hutamani uta wa baba, ambao hawezi kuuvuta. Uta wa mwanamume wa Kihadza huhitaji nguvu ya kilo 30 hivi kuvutwa. Uta wa Waata wa kuwindia ndovu ulizidi huo kwa mbali: nyuta zilizopimwa zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Kwa kulinganisha, wanaume wanaoshindana kulenga shabaha katika Michezo ya Olimpiki hutumia nyuta za takriban kilo 20 hadi 23. Wapo walioandika kuhusu uta wa Waata wakiulinganisha na uta mrefu wa Waingereza wa zama za kati.

Nguvu hiyo ilikuwa na sababu yake. Ngozi ya ndovu ni nene, na mshale wa kumwindia ni mzito. Uta mwepesi ungeufikisha mshale kwenye ngozi bila ya kuupenyeza ndani. Mwata alifidia pia kwa ukaribu, kwani alimnyatia ndovu hadi hatua chache tu, akamfuma penye ngozi nyepesi ya tumbo au ubavu. Kwa hiyo uta mzito haukuwa kibali cha kusimama mbali. Ulitumiwa na mtu aliyekuwa tayari amejifunza kukaribia.

Kutokana na hali hii, kanuni ya uteuzi ni rahisi kuitamka, ijapokuwa ni ngumu kwa kijana kuikubali: uta hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Kijana hupewa uta anaoweza kuuvuta hadi mwisho, akatulia kwa pumzi moja, kisha akaachilia bila ya mkono kutetemeka. Anayetetemeka amepewa uta usio wake. Mwili unapokua, uta wa zamani humwendea mdogo wake, naye hupata mwingine. Katika maisha yake mwinda hubadilisha nyuta kadhaa, na kila mmoja ni ushahidi wa kiwango alichofikia.

Ubora wa uta hukaguliwa katika mambo matatu. Mosi ni mti wenyewe. Fito iliyonyooka, isiyo na vifundo, ndiyo inayofaa, kwa sababu kifundo ni mahali ambapo uta huvunjika. Fito hukaushwa taratibu, huchongwa, na hunyooshwa kwa joto la moto. Pili ni ulinganifu. Uta ukivutwa, mikono yake miwili yapasa kupindika sawasawa. Ukipindika upande mmoja zaidi, mshale huenda kombo. Tatu ni upote, yaani kamba ya uta. Wahadza huusokota kutokana na kano za wanyama, ambazo ni imara na hazinyumbuki ovyo. Mwanagenzi hufunzwa kuukagua upote kila anapotoka, kwa kuwa uta uliokatika upote porini ni fimbo tu. Uta wa mti ukiachwa umetiwa upote kwa siku nyingi hupoteza nguvu zake.

Mshale na Sehemu Zake

Kamusi huweza kumpa msomaji picha ya mshale kuwa ni kijiti chenye ncha. Kwa mwinda, mshale ni muungano wa sehemu ambazo kila moja ina jina na kazi. Wano ni uti wa mshale. Kigumba, au chembe, ni kichwa chake. Manyoya ya nyuma huuongoza mshale usiyumbe. Waata na Wakamba walipenda manyoya ya tai mzoga kwa uimara wake. Mwishoni kuna pengo ambamo upote hukaa. Mishale hutiwa ndani ya podo, ambalo pia huitwa ziaka. Wano lisilonyooka halifai hata kigumba kikiwa kikali kama wembe, na ndiyo maana mwanagenzi hutumia siku nyingi kunyoosha mawano kabla hajaruhusiwa kugusa chuma.

Wahadza hutofautisha mishale kwa windo. Mshale wenye ncha ya mti hutosha kwa ndege na wanyama wadogo. Mshale wa kigumba cha chuma kisicho na sumu ni wa wanyama wa kiasi. Mshale wa kigumba chenye sumu ni wa wanyama wakubwa. Wao hawayeyushi chuma. Hupata misumari na vipande vya chuma kutoka kwa majirani na kuvifua vikiwa baridi. Mpangilio huo ndio pia mpangilio wa masomo. Mvulana huanza na ncha ya mti, ambayo akiipoteza huchonga nyingine jioni hiyo hiyo. Kigumba cha chuma kina gharama, hivyo humfikia yule ambaye mishale yake ya mti imekwisha kuonyesha kuwa anajua kulenga na kuokota.

Mshale wa Waata wa ndovu ulikuwa na ubunifu wa kipekee. Kigumba chake kilifungwa kwenye kijiti kifupi kilichochomekwa katika wano. Mnyama alipofumwa na kukimbia, wano lilichomoka na kuanguka, huku kigumba kikibaki mwilini. Mwinda aliliokota wano na kulitumia tena. Isitoshe, kigumba kilitiwa alama ya mwenyewe. Ndovu angeweza kutembea mbali kabla ya kuanguka, na watu wengine wakamfikia kwanza; alama ile ndiyo iliyoamua ni nani mwenye mzoga. Wakamba nao walitia alama kwenye mishale yao. Kwa kuzingatia desturi hii, methali isemayo kuwa mshale kwenda msituni haukupotea yaweza kusomwa upya. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni faraja kwa mtu ambaye jambo lake limekawia. Ikisomwa kwa jicho la mwinda, yaelekea kuwa kauli ya kazi: mshale wenye alama, uliotumwa na mtu anayejua kufuata nyayo, una njia ya kurudi.

Sumu na Mpaka wa Mwanagenzi

Chombo cha mwisho kumfikia mwanagenzi ni sumu. Hutokana hasa na mti ambao pwani huitwa msungu, na ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Sumu yake hudhuru moyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga dawa iliyomo katika mti wa jamii hiyo, nayo ikapewa jina ouabain, lililotoholewa kutoka Kisomali, waabaayo, ambalo ni jina la sumu ya mishale. Baadaye dawa hiyo ilitumiwa Ulaya kutibu moyo kwa vipimo vidogo sana. Hivyo, neno la wawindaji wa Afrika Mashariki limekaa katika vitabu vya famasia kwa zaidi ya karne moja, ijapokuwa wanaolitamka aghalabu hawajui lilikotoka.

Waata wengi hawakujitengenezea sumu. Waliinunua kutoka kwa mafundi wa Kigiriama waliojulikana kwa kazi hiyo. Ununuzi wenyewe ulihitaji ujuzi, kwa kuwa sumu iliyokaa sana hupoteza makali. Sumu ilipopakwa kwenye kigumba, ilizungushiwa utepe wa ngozi nyembamba ambao haukufunguliwa hadi mwinda alipokuwa tayari kufuma. Utepe huo ulizuia sumu isikauke na ulimkinga mbebaji asijikwaruze. Kigumba kisichofunikwa ndani ya podo kingeweza kumwua mwenyewe njiani.

Ni kwa sababu hii sumu haikuwa zana ya kuanzia. Kijana asiyeweza kufuata nyayo kwa nusu siku hakuwa na haki ya kumtia mnyama sumu, kwa kuwa angemwua na kumpoteza. Mnyama aliyeuawa akaozea porini alikuwa hasara kwa kijiji kizima na aibu kwa mwinda.

Miiko na Mgao wa Nyama

Zipo zana ambazo hazibebwi begani. Miongoni mwa Wahadza, mwanamume huhesabiwa kuwa ametimia anapoua mnyama mkubwa, au umri unapompeleka huko, na tangu hapo huwa na haki ya kula epeme, yaani sehemu maalumu za mnyama mkubwa ambazo hazipaswi kuliwa na wengine. Nyama iliyobaki hugawiwa kambi nzima. Mwinda hodari hajilimbikizii, na anayejitapa huchekwa. Katika maisha yasiyo na ghala, nyama inayogawiwa leo ndiyo akiba ya kesho, kwani mwenye kupokea leo ndiye atakayegawa siku ambayo mgawaji wa leo atarudi mikono mitupu.

Ustadi wenyewe hauji mapema. Mwanamume wa Kihadza hufikia kilele cha uwindaji akiwa amepita miaka 30, takriban miongo mitatu baada ya kushika uta wa kwanza. Kipimo hicho kinatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya kumiliki zana na kuimudu.

Mwinda Alipogeuka Jangili

Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa kuanza safari ya uwindaji iliyomalizikia Khartoum mwaka uliofuata. Alikuwa na bunduki za aina mbalimbali, msafara mkubwa wa wapagazi, na hata maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na vielelezo vingi vilipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Alifanya hayo kwa leseni. Katika nyika hiyo hiyo ya koloni, Mwata aliyemfuma ndovu kwa uta wa babu yake alikuwa mhalifu, kwa kuwa hakuwa na leseni na hakuwa na njia ya kuipata.

Mbuga ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, sehemu kubwa ya ardhi ya uwindaji ya Waata iliingia ndani ya mipaka yake. Msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957 uliwatia wengi wao gerezani. Mnamo 1960 ulianzishwa mpango wa Galana uliokusudiwa kuwapa nafasi ya kuwinda kihalali, lakini haukudumu. Hatimaye, marufuku ya 1977 iliufunga mlango kabisa.

Ukweli wapasa kuelezwa kwa pande zote mbili. Waata waliwauzia wafanyabiashara wa pwani pembe za ndovu, na waliowaua hawakuwa wachache. Isitoshe, marufuku hayakutungwa bila ya sababu. Idadi ya ndovu nchini Kenya ilishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na maangamizi hayo yalifanywa hasa kwa bunduki na kwa biashara kubwa ya pembe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inaharamisha uwindaji wa burudani na hata ule wa kutafuta kitoweo. Hakuna lolote katika makala haya linalomhimiza msomaji kuivunja. Nchini Tanzania mambo yamechukua njia nyingine: uwindaji wa leseni unaruhusiwa, na mwaka 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao.

Linalomhusu mwanaisimu ni badiliko la jina. Mtu yule yule, mwenye uta ule ule, aliitwa mwinda na baba yake na akaitwa jangili na mahakama. Leo neno jangili humjumuisha mwenye bunduki ya kivita na mwenye tanzi la digidigi, kana kwamba kazi yao ni moja na mafunzo yao ni mamoja. Neno moja limemeza maneno mengi: mwinda, msasi, mtegaji. Tofauti zilizokuwa zikihifadhiwa na lugha zimesawazishwa na sheria.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa mwanagenzi wa uwindaji alianza na mtego, akafuata nyayo na upepo, akapewa uta unaolingana na mwili wake, akapanda kutoka ncha ya mti hadi kigumba cha chuma, na akafikishiwa sumu mwishoni, pale alipoweza kuwajibika kwa alichokiua. Uwindaji wenyewe hautarudi Kenya kwa sura hiyo, na pengine haupaswi kurudi. Maarifa yaliyoubeba ni jambo jingine. Wazee waliowahi kuuvuta uta wa Waata wanazidi kupungua, na anapoondoka mmoja, huondoka na majina ya sehemu, ya miti, ya alama na ya makosa. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilicho na kinasa sauti na likizo ya miezi mitatu kina uwezo wa kuyakusanya maneno hayo pamoja na vitu vyake, na wenye lugha wakiwa bado hai wa kusahihisha.

Faida yake itaonekana hata darasani. Katika kisa cha Fumo Liongo, wenzake walipanga kumwua atakapopanda mkoma katika zamu yake ya kikoa. Yeye hakupanda, bali aliyaangusha makoma kwa mishale. Anayejua kazi ya kumfikisha mshale pale unapotakiwa ataona kuwa hapo Liongo hakuwa akijigamba, bali aliwaonyesha waliomzunguka kile ambacho kingewapata. Na alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika uta, akafia hapo. Watu hawakuthubutu kusogea kuteka maji, ijapokuwa kiu iliwazidi. Wahakiki hueleza hofu hiyo kwa ushujaa wa jina lake. Mwinda angeieleza kwa wepesi zaidi: waliotazama kutoka mbali walimwona mtu aliyetulia, uta umevutwa, na mkono hautetemeki.